Mgeni Aliyevaa Koti Jeupe

Ukilazwa katika hospitali ya misheni huku kwetu Kanda ya Ziwa kati ya mwezi wa sita na wa tisa, huenda ukaamka asubuhi ukakuta watu wa raundi wamezunguka kitanda chako, na miongoni mwao yumo kijana wa Kizungu mwenye koti jeupe, stetoskopu shingoni, daftari dogo mfukoni. Atakusalimu kwa Kiswahili cha kubahatisha. Daktari wetu atamwita asogee akusikilize moyo. Wagonjwa wengi humwita "dokta" papo hapo, na wapo wanaofurahi wakiamini kwamba siku hiyo wamepata bingwa kutoka ng'ambo. Si bingwa. Mara nyingi bado hajawa daktari. Ni mwanafunzi aliyekuja kujitolea, na wewe una haki ya kulijua hilo kabla mkono wake haujakugusa.

Mimi ni muuguzi mkunga. Tangu nilipotoka chuoni nimefanya kazi katika hospitali ya kanisa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa msimamizi wa chumba cha kujifungulia, tunachokiita leba. Wanafunzi hawa hupitia mikononi mwangu. Wengi nimewapenda, na wapo ambao hadi leo wananiandikia wakiwa madaktari kamili. Wapo pia niliowatoa leba nikafunga mlango. Naandika kwa kuwa mgonjwa wa kawaida haelezwi habari zao, nao hawaelezwi vya kutosha habari za mgonjwa wanayekuja kujifunza kwake.

Tuanze na wanakotoka, maana si wote ni sawa. Uingereza, mwanafunzi wa udaktari akikaribia kumaliza hupewa wiki kadhaa, mara nyingi sita hadi nane, aende kujifunza hospitali atakayoichagua, hata nje ya nchi. Ujerumani wanatakiwa kufanya miezi minne ya vitendo wakati wa likizo zao, na mwaka wa mwisho, wenye wiki 48, wanaumaliza wodini. Sehemu ya muda huo wanaruhusiwa kuifanyia ugenini. Hawa angalau wameshagusa wagonjwa kwao, chini ya macho ya walimu wao. Marekani mambo ni tofauti. Kule mtu husoma kwanza chuo miaka minne, ndipo aombe shule ya udaktari, ambayo nayo ni miaka minne mingine. Nafasi zinagombaniwa sana. Kwa hiyo vijana wengi ambao hawajaanza hata siku moja ya masomo ya udaktari huja Afrika kujitolea ili maombi yao yapate uzito. Nao huvaa koti lilelile jeupe. Ukimtazama mmoja wao huwezi kumtofautisha na mwenzake anayebakiza mwezi mmoja kuhitimu. Ndiyo maana mimi swali langu la kwanza kwa kila anayefika leba, kabla ya kumuuliza kama amekula, ni hili: unasoma nini, na uko mwaka wa ngapi?

Desturi ya daktari kuvuka bahari kwa ajili ya misheni ni ya zamani, na hospitali zetu nyingi zimezaliwa nayo. Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. David Livingstone alipata leseni yake ya udaktari Glasgow mwezi Novemba 1840, na mwezi uliofuata akapanda meli kuja Afrika. Albert Schweitzer alikuwa tayari mwalimu wa dini na mpiga kinanda mwenye jina alipoamua, akiwa na umri wa miaka 30, kwamba atakwenda Gabon kutibu. Hakwenda mwaka huo. Alirudi darasani, akasoma udaktari, akaongeza masomo ya magonjwa ya nchi za joto, na mwaka 1913 ndipo alipofika Lambaréné pamoja na mkewe Helene, aliyekuwa amesomea uuguzi. Mengi yamesemwa juu ya wamisionari hawa, mazuri na mabaya, na mengine ni kweli. Lakini katika hili nawaheshimu: walisoma kwanza, wakaondoka baadaye.

Na hospitali ya misheni ya leo si ile ya kina Schweitzer. Wageni wengi hushangaa kuikuta ilivyo. Daktari mfawidhi ni Mtanzania, wauguzi ni Watanzania, na wengi wetu tunalipwa mshahara na serikali, kwa kuwa hospitali nyingi za makanisa zimeingia mkataba nayo na kuwa hospitali teule za wilaya. Tangu mwaka 1992 makanisa yana tume yao ya pamoja, CSSC, inayoratibu hospitali hizi. Mgeni akiingia akidhani amefika mahali pasipo na mwenye kujua kitu, siku zake za mwanzo zitakuwa ngumu, na zetu pia.

Wengi hutamani kuletwa leba, kwa kuwa huko hakuna saa isiyo na jambo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila uzazi 100 nchini, 81 unafanyika katika kituo cha huduma za afya. Miaka michache nyuma, mwaka 2015-16, walikuwa 63. Tumeimba wimbo wa "jifungulieni hospitali" kwa muda mrefu, na akina mama wameitikia. Kwetu wamekuja wengi kuliko vitanda, na kuliko wakunga.

Usiku mmoja aliletwa mama kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Ulikuwa ujauzito wake wa nne. Uchungu ulimjia mfululizo, hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi kati ya mmoja na mwingine, na njia ilikuwa imefunguka sentimita tano tu. Zamu ile nilikuwa na mwanafunzi kutoka Uholanzi, wa mwaka wa mwisho. Alinisogelea akaniuliza polepole kama mama huyu alichomwa oksitosini huko alikotoka, kwa maana uchungu wa namna ile alikuwa ameuona kwao pale tu dripu ya dawa hiyo inapokwenda kasi. Lilikuwa swali zuri sana. Ila jibu lake halikuwamo kwenye kadi ya kliniki.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi na yule mama mkwe. Nikamsalimu kwa Kisukuma, nikamuuliza habari za nyumbani, za mvua, za mpunga, ndipo nikamuuliza taratibu: mkweo alikunywa nini kabla hamjatoka? Akanyamaza. Kisha akasema alimpa dawa kidogo, ya mizizi, ya kuharakisha. Bibi wa watu hakuwa na nia mbaya. Naye alipewa hiyohiyo ujana wake. Lakini baadhi ya dawa hizo hukaza mji wa mimba kupita kiasi, na mji wa mimba uliokazwa hivyo unaweza kupasuka. Ukimuuliza kwa ukali mbele ya watu hatakwambia. Usipoambiwa, unaweza kupoteza mama na mtoto usiku huohuo.

Niliporudi ndani nilimwonyesha kijana mgongo wa mtoto uko upande gani, nikampa fetoskopu, kile kipembe tunachosikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Kwao wamezoea mashine inayochora mapigo kwenye karatasi. Kipembe alikuwa hajawahi kukitumia. Akapiga magoti, akakandamiza sikio, akaachia mkono kama nilivyomwelekeza ili sauti isiharibike, macho kwenye saa. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Akasema, "Sista, kila uchungu ukiisha yanashuka, na yanachelewa kurudi." Nilisikiliza mwenyewe, nikathibitisha, nikamwita daktari. Mama akaingizwa thieta.

Mtoto alitoka amelegea, halii. Katika kazi yetu tuna kitu tunachokiita dakika ya dhahabu. Ndani ya sekunde 60 mtoto awe amekaushwa na kusuguliwa mgongo, njia ya hewa imesafishwa ikibidi, na kama bado hapumui, barakoa iwe imeshakaa usoni na mfuko wa hewa umeanza kubanwa. Kijana aliniuliza afanye nini. Hakusema nimpe yeye. Nikamwambia ahesabu kwa sauti. Akasimama pembeni ya meza akataja sekunde, kisha nusu dakika, kisha dakika, nami nikibana mfuko, kifua kidogo kikipanda na kushuka, hadi mtoto akakunja uso na kutoa mlio mwembamba, halafu kilio chenyewe. Anayebana mfuko hana nafasi ya kutazama saa. Akikosa wa kumhesabia, dakika tatu humwonekea moja. Kwa hiyo kijana yule alifanya kazi, na aliifanya vizuri, bila kushika kitu chochote ambacho hajafundishwa.

Nieleze pia kwamba ujuzi ule hakuja nao yeye kwenye begi, alitukuta nao. Watoto wachanga wengi waliokuwa wakihesabiwa kuwa wamezaliwa wafu nchini mwetu walikuwa hawajafa, walikosa tu wa kuwasaidia kuvuta pumzi ya kwanza. Mafunzo ya kuwasaidia, kwa mwanasesere, mfuko na barakoa, yalijaribiwa katika hospitali nane za Tanzania, na mwaka 2013 matokeo yakachapishwa, Dkt. Georgina Msemo wa Wizara ya Afya akiwa mwandishi wa kwanza: vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Mafunzo yale yaliandaliwa na wataalamu wa nje, Wamarekani na wenzao. Lakini uthibitisho kwamba yanaokoa maisha ulitoka mikononi mwa wakunga wa Kitanzania. Mwanafunzi wa Ulaya anayekuja leba yetu anakuja mahali ambapo dunia ilijifunza jambo. Ningependa walimu wake wamwambie hivyo kabla hajapanda ndege.

Sasa nimtaje wa aina nyingine. Alikuwa mwaka wa pili, wa nchi gani si hoja. Hata wiki haijaisha alimwomba daktari tarajali wetu amruhusu kushona msamba wa mama aliyechanika wakati wa kujifungua. Alisema kwao asingepata nafasi hiyo kwa miaka mingi. Nikamuuliza kwa nini kwao hawampi. Akasema kwa sababu bado hajafundishwa.

"Na hapa pia hujafundishwa," nikamwambia.

Aliudhika, akaenda kulalamika ofisini. Wala sikumshangaa sana yeye. Nilimshangaa daktari tarajali, aliyekuwa ameshaanza kumvutia kiti. Nyuma yao alisimama mwanafunzi wetu wa mwaka wa nne, binti wa Geita, ameshika kitabu chake cha mafunzo ya vitendo. Kile kitabu lazima kijazwe: umeshuhudia mara ngapi, umesaidia mara ngapi, umefanya mwenyewe mara ngapi, na sahihi ya msimamizi kila mstari. Alikuwa anasubiri zamu yake tangu asubuhi. Mgeni akishika uzi, binti huyu anarudi bwenini na mstari mtupu. Mgeni ataondoka mwisho wa mwezi. Binti ndiye atakayekuwa peke yake kwenye kituo cha afya, saa nane za usiku, mama anavuja damu na gari la wagonjwa halina mafuta. Sisi wenyeji ndio tunaolilea jambo hili. Tunampisha mgeni mbele kwa heshima ya rangi yake, tukidhani ni ukarimu, na gharama ya ukarimu huo anailipa mgonjwa wa kesho.

Haya si maneno ya wivu. Tazama yaliyotokea kwa majirani zetu Uganda. Januari 2019 akina mama wawili walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Jinja dhidi ya mwanamke wa Kimarekani aliyefungua kituo cha watoto wenye utapiamlo akiwa hana masomo yoyote ya udaktari wala uuguzi. Wao walipoteza watoto wao, na walidai kwamba waliamini wanampeleka mtoto kwa daktari. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2020, bila upande wa mshtakiwa kukiri kosa. Mimi ninachokikumbuka ni hilo la akina mama kuamini. Kwa madai yao, koti, stetoskopu na ngozi nyeupe vilitosha. Hakuna aliyewaambia wanaweza kuuliza.

Wenye vyuo wenyewe wanalijua tatizo. Chama cha shule za udaktari cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2011 kwa wanafunzi wanaokwenda nje, na kiini chake ni chepesi: usifanye ugenini kile usichoruhusiwa kufanya nyumbani. Huku kwetu wanaotibu husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na hata daktari kamili kutoka nje hawezi kushika mgonjwa kabla ya kupata usajili wa muda. Mwanafunzi hana usajili. Anachokifanya kinafanyika kwa jina na dhamana ya msimamizi wake. Kikiharibika, mgeni atakuwa ameshapanda ndege, na atakayeitwa mbele ya kamati ni sista wa zamu.

Kuna fedha pia katika habari hii, na si vizuri kuzificha. Mwanafunzi hulipa. Akija moja kwa moja kupitia chuo chake, hospitali hupata ada ya mafunzo, na ada hiyo husaidia kweli: imewahi kutununulia glavu pale bohari ilipokauka. Akija kupitia kampuni za kusafirisha wanaojitolea, kinachobaki njiani ni kikubwa kuliko kinachotufikia. Wazazi wa vijana hawa hawajui. Wanadhani wamechangia hospitali, kumbe wamelipia picha na safari ya Serengeti.

Na picha ni jambo jingine linaloniumiza. Nilimkuta mmoja wodi ya watoto ameinama na simu juu ya mtoto aliyevimba kwa utapiamlo, bibi yake amekaa pembeni ametazama chini. Nilimuuliza bibi kama ameombwa. Akasema, "Nitamkataliaje mgeni, mwanangu?" Picha ya mtoto yule ni siri ya mgonjwa sawa na faili lake. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti, hazichukuliwi wala kusambazwa bila ridhaa. Picha ilifutwa mbele yangu. Sijui ni ngapi zilizopita kabla sijaingia mlangoni.

Mabegi nayo. Wanakuja nayo mawili mawili, wamekusanya vitu kwa moyo mweupe, na siwezi kudharau moyo huo. Lakini mashine ya Marekani inatumia umeme wa volti 120 hivi, wetu ni 230. Ukiichomeka bila kibadilishi inaungua siku ileile. Dawa zinakuja zimebakiza wiki chache, wakati mwongozo wa WHO kuhusu misaada ya dawa unataka ziwe na angalau mwaka mmoja zinapofika nchini. Kuziteketeza ni gharama, na gharama hiyo ni yetu. Anayetaka kuleta kitu na aandike kwanza kuuliza. Tutamjibu. Mara nyingi jibu litakuwa vitu visivyopendeza kupigwa picha: nyuzi za kushonea, barakoa za watoto wachanga za saizi sahihi, betri za mashine ya kupimia presha.

Wanaonipa moyo ni wale wanaorudi. Paul Farmer alifika Haiti mwaka 1983, hajaanza hata masomo ya udaktari, akajiunga na kazi ya kasisi mmoja wa Kianglikana. Mwaka uliofuata aliingia Harvard, na miaka ya udaktari wake aliigawa kati ya darasa la Boston na kijiji cha Cange. Alijifunza lugha ya watu wa pale. Alikaa kwenye nyumba zao akauliza kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu hamalizi dozi, akagundua mara nyingi si uzembe bali ni njaa na nauli. Hapo ndipo yeye na wenzake walipoanza kuwafundisha wanakijiji wenyewe kuwapelekea wagonjwa dawa nyumbani. Mwaka 1987, akiwa bado mwanafunzi, alishiriki kuanzisha shirika la Partners In Health. Alifariki Februari 2022 huko Butaro, Rwanda, alikokuwa akifundisha katika chuo kikuu cha afya ambacho shirika lake lilisaidia kukijenga, ili Waafrika wasomee udaktari hukohuko vijijini kwao. Simtaji ili kila kijana awe Farmer. Namtaja kwa sababu alianza kama wao, na tofauti yake ni kwamba alirudi mahali palepale, tena na tena, hadi akawa mtu wa pale.

Basi iwe mwendo wa pande mbili. Wanafunzi wa udaktari duniani wana shirikisho lao, IFMSA, lililoanzishwa Copenhagen mwaka 1951, na kubadilishana kwao ni kwa mkataba: ukimpokea mmoja, unapata nafasi ya kumpeleka mmoja. Chama cha wanafunzi wa udaktari Tanzania, TAMSA, ni mwanachama. Sweden nayo ilikuwa na mpango wa Linnaeus-Palme uliosimama juu ya msingi huohuo, wanafunzi na walimu wakienda na kurudi kutoka kila upande. Kizuizi kikubwa kwa vijana wetu ni nauli na viza. Kijana wa Uholanzi anapata ruhusa ya kuja leba yangu kirahisi kuliko binti wa Geita anavyoweza kupata ruhusa ya kwenda kusimama kimya kwenye kona ya leba ya Amsterdam. Ningekuwa na sauti kwenye meza wanakosaini makubaliano haya, ningedai nafasi ya binti huyo kwanza kabla ya kitanda cha msaada.

Wewe kijana wa Kitanzania unayesoma udaktari, nafasi ikitokea ya kwenda nje, iwe Comoro, India au Ulaya, nenda. Ukifika jitambulishe kuwa ni mwanafunzi, kila kitanda, kila asubuhi. Kaa muda mrefu kadiri wanavyokuruhusu. Wiki mbili huishia kujua tu glavu zinawekwa wapi. Jua mapema utakimbilia wapi ukijichoma na sindano, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Na umheshimu nesi wa zamu, kwa kuwa ndiye atakayekufundisha zaidi.

Nawe mgonjwa, au ndugu unayemuuguza mgonjwa: akija mtu mwenye koti jeupe usiyemfahamu, mweusi au mweupe, muulize maswali matatu. Wewe ni nani? Unasoma au umeshahitimu? Nani anakusimamia hapa? Uliza kwa adabu, naye ana wajibu wa kukujibu. Ukiridhika, mruhusu ajifunze kwako, maana bila wagonjwa wanaokubali hakuna daktari duniani. Usiporidhika, sema hapana. Huduma yako haipungui kwa kukataa kuguswa na mwanafunzi, na yeyote atakayekwambia vinginevyo, mwite msimamizi wa wodi hapohapo.